Nilidhani Mke Wangu Amenuna, Kumbe Ni Moyo

Kosa ni langu, msinitafutie wakili. Mimi ni mwanamume wa kukaa nyumbani. Nikishaufunga mlango wangu hapa Kaloleni, Voi, hata harusi ya ndugu yangu itanipita. Kwa hivyo mke wangu aliponiomba tupande milimani Mwanda kumwona mamake, nikasema goti linauma. Goti lenyewe zima kama jipya!

Akaenda peke yake. Akarudi na mafua na homa, zikapoa. Kisha vituko vikaanza: kitanda hataki. Anaketi mezani, ameinama mbele, amekumbatia mto.

"Kifua kinanichoma," akasema. "Nikilala ndio kinazidi."

Msomi mimi wa kidato cha nne nikaujua ugonjwa papo hapo: kununa! Ananilipizia Mwanda. Na kwa kununa, jamani, mimi sina mpinzani. Akila kidogo, nakula kidogo zaidi. Akitazama ukuta, natafuta wangu. Akivuta pumzi kwa nguvu, navuta ya kumshinda! Yaani mtu anatafuta hewa, mimi niko mashindanoni!

Siku moja alishindwa kubeba sufuria ya maji hadi jikoni, akaketi akihema. Nikamwambia, "Hiyo sinema itaisha lini?"

Lo! Ningeweza kuyameza maneno hayo leo, ningeyameza makavu.

Aliyetuokoa ni Mama Fatma, jirani mwenye duka, aliyekuja kuuliza mbona mwenzake haonekani.

"Ewe bwana, mkeo ana nini?"

"Amenuna tu, mama."

"Kanuna, na jasho lote hili? Na miguu ilivyomvimba? Mwanamume we, mtu hununa kwa miguu? Tafuta gari!"

Hospitalini daktari alisema ngozi inayouzunguka moyo imevimba na kujaa maji, na maji yanaubana moyo. Huenda yale mafua ndiyo yaliyoanzisha. Akaniuliza, "Hakukwambia kwamba akilala anaumia na akiinama mbele anapata nafuu?"

Aliniambia! Mke wangu akanitazama tu, na mpira wa hewa puani. Nilitamani sakafu inimeze.

Walimtoa yale maji. Sasa yuko nyumbani, kliniki bado anaenda. Lakini juzi kichwa kilimwuma, akanipita hapo sebuleni, mimi mumewe wa ndoa, akaenda kumwambia Mama Fatma dukani. Nastahili!

Wenzangu, mtu akikwambia kifua kinamchoma, kinazidi akilala au akivuta pumzi, moyo unaenda mbio, pumzi inakatika, miguu inavimba, acha kupima hasira zake. Mkimbize hospitali, hasa kama ametoka kuugua mafua. Na daktari akisema hana lolote, kweli alikuwa amenuna, rudini nyumbani mgombane vizuri. Angalau mtagombana mkiwa wawili.