Pilau Aliyotunyima Bi Mwanahalima

Winga kama mimi Arusha haijazaa mwingine. Ukibisha, muulize Bi Mwanahalima wa Kaloleni. Atakwambia, "Nasri? Mbio anazo, akili aliiacha darasa la tano." Usimsikilize. Huyo mama ananipenda, hajui tu kusema.

Ni mjane, mfupi, sauti kama filimbi ya refa. Alikuja kutoka Tanga na marehemu mumewe, Mzee Muzammil, dereva wa lori. Nyumba yake iko jirani na uwanja, kelele za mashabiki zinamwingilia mpaka jikoni. Ila mpira alikuwa haupendi. "Mnakimbia hivyo," anasema, "na hakuna anayewafukuza."

Kilichotupeleka kwake ni njaa. Enzi za ruksa zile, biashara zimeachiwa huru, kila mtu kafungua duka, mitumba imejaa mji mzima, na kiwanda kilichokuwa kinailea timu yetu kikauzwa. Tukabaki kama vifaranga waliofiwa na mama. Na kombe la taifa la mtoano ndiyo hilo linaanza. Katibu wetu, Mzee Jamaldini, akamwomba Bi Mwanahalima vyumba vya uani tuweke kambi mpaka tutakapofungwa. Alidhani ni wiki moja. Hakuwa na imani na sisi yule mzee.

Siku ya kwanza Brayson, kipa wetu, Mmeru wa kule mlimani, akaingia na mkungu wa ndizi begani. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndizi weka pale, na miguu futa kwanza."

Tukapewa makande, mahindi na maharage. Kesho yake makande. Tukawafunga Moshi, bao langu, la kisigino, tukarudi tunaimba. Makande.

"Mama, tumeshinda," nikamwambia. "Tupikie basi pilau."

Akaweka mwiko chini. "Pilau kwangu ni chakula cha kuondokea. Nilipika ya binti yangu Swabaha, akaolewa akaenda zake Mombasa. Nikapika ya mdogo wake Faudhia, naye huyo. Ya mwisho ilikuwa arobaini ya Muzammil. Watu wakala, wakanawa mikono, nikabaki na masufuria. Siku nikikupikia pilau, Nasri, ujue unafungasha."

Siku ile sikuomba tena. Niliomba kesho yake.

Tukawatoa Tabora, tukawatoa Dodoma, na kila tukishinda nyumba inazidi kuchangamka. Yeye asiyependa mpira akaanza kutuchunga kuliko kocha. Marufuku kula nje, tusije tukatiwa kitu kwenye chai. Kila sufuria anaonja kwanza yeye. Siku ya mechi anakaa uani anasikiliza uwanja. Kelele zikipanda anasema, "Huyo Nasri wangu!" Hata bao likiwa la mtu mwingine. Mimi nimrekebishe mtu mzima?

Ikaja nusu fainali, na hiyo ilikuwa mbaya kwake vyovyote iwavyo. Tukishinda, jioni tunapanda basi kwenda Dar kwenye fainali. Tukifungwa, kila mtu kwao. Asubuhi Mzee Jamaldini akaleta mchele, nyama na bizari. "Bi Mwanahalima, vijana wako leo wanaondoka. Wapikie pilau."

Akaupokea mfuko bila neno. Bi Mwanahalima bila neno! Brayson akaninong'oneza, "Huyu mama anaumwa."

Mechi ikaenda mpaka penalti. Brayson akapangua, akapangua tena, lakini wenzangu wawili nao wakakosa, ikabaki yangu. Watu wa mji huu watakwambia nilikosa. Mimi nasema goli ndilo lilikuwa fupi. Mpira ulipita juu ya mwamba, juu ya mashabiki, juu ya ukuta, na mpaka leo hajatokea winga mwingine wa kuufikisha kule.

Tukarudi kambini. Nikaingia uani natafuta harufu ya pilau, sisikii kitu. Kwenye sahani, makande, safari hii yana minofu ya nyama.

"Mama, pilau?"

"Mchele uko kabatini."

"Lakini tumefungwa. Kambi imevunjwa."

"Nimesikia uwanja ulivyonyamaza, mimi si kiziwi. Kaa ule. Na wewe Brayson, usilie juu ya sahani yangu, chumvi nimeshatia."

"Kesho tunaondoka, mama."

"Nani kapika pilau hapa?"

Tukala. Asubuhi tukatawanyika kweli, kila mtu na kibegi chake. Jumapili nikajikuta napita Kaloleni, kwa bahati tu. Nikamkuta Brayson mlangoni, katoka kanisani na suti yake, mkungu wa ndizi begani.

"Wewe umefuata nini?" nikamuuliza.

"Wewe je?"

"Ingieni," sauti ikatoka ndani, "yanapoa."

Tangu hapo Jumapili zetu ni pale. Ikafika siku nikaoa. Nikamwomba asimamie jikoni, akakataa katakata, pilau ya harusi wakapika wapishi wa Moshono. Mbele ya wakwe zangu wote akaja na kijungu chake kakifunika kwa kanga, akaivuta sahani yangu ya pilau pembeni, akanipakulia makande.

"Kula haya," akasema. "Ile ni ya wageni."