Benchi la Wembamba

Harufu ya uji wa mahindi na soya, ikichanganyika na ukali wa asidi kutoka kiwanda cha shaba, bado hunijia. Ndiyo harufu ya Ijumaa katika shule yetu ya kampuni, Likasi. Mwaka mmoja msimamizi wa ngoma za chama tawala aliniondoa mstari wa mbele, akisema mbele ya wenzangu kwamba kiuno changu kimejaa kama cha mama mzazi. Nikaacha kula. Mwanzoni nilibakiza matonge mawili matatu ya bukari, ugali wetu, kisha nikawa naishi kwa maji na ujeuri.

Shule ilikuwa na mpango wake wa kuzuia vijana wasidhoofike, na nia ilikuwa njema. Kila Ijumaa muuguzi alisimika mizani uani, akatangaza kilo zetu kwa sauti ya mnada. Waliopungua walikaa kwenye benchi la wembamba, hawainuki mpaka bakuli liwe tupu, huku darasa zima likipita na kucheka. Nilimeza kwa machozi, wala uji haukukaa tumboni. Nyumbani nako hapakuwa na pa kupumulia, kwa kuwa kampuni iligawa posho ya unga kwa kila mtoto. "Kula, mama," baba alinisihi. "Bakikuona vile, batasema niko nauzisha posho yako." Mizani huku, baba kule, nami katikati sina mlango. Muuguzi akaonya kwamba nikishuka tena nitaondolewa shuleni, nikalazwe hospitali.

Aliyetuokoa ni Mama Kapinga, mwalimu wa mapishi wa wake za wafanyakazi. Alituomba sisi wa benchi kwa mkuu wa shule, akatuingiza jikoni kwake, akafunga mlango, tukapika bukari na mboga ya lengalenga. Sahani moja kubwa katikati, mikono yote humo. "Hapa hakuna kilo," alisema. "Kama unakula, unakula. Kama hapana, kaa tu na siye, tusemezane." Katika sahani ile hakuna aliyejua tonge la nani ni la nani. Haba na haba hujaza kibaba, kilo zikarudi. Nilimaliza mwaka darasani kwangu.

Leo posho haipo, na binti yangu ana sahani yake mwenyewe yenye maua. Shuleni kwao hufundishwa juu ya vijana wanaojinyima chakula. Kuna picha nzuri ukutani, benchi hakuna. Nilidhani yatosha. Jana akaisukuma sahani: "Miye shina njala, mama." Niliijua sauti ile, na hofu ikanibana kuliko enzi za mizani, maana sasa nimekaa alipokaa baba. Nilitaka kufoka. Nikanawa mikono, nikasogeza kiti, nikamega tonge katika sahani yake, nikaanza kumsimulia vituko vya sokoni. Mkono wake ulibaki mapajani muda mrefu. Nikaendelea kusimulia.