Zumam ya Zeinab: neno la puani nililojifunza Juba wakati wa vita

Wakuu, habari za mchana. Sogeeni karibu mnisikilize, nitakwenda polepole ili tusiachane njiani. Haya niliyaona mwenyewe, na pale nisipojua nitasema sijui.

Juzi kuna mdau aliuliza humu hazama ni nini, akaishia kutaniwa. Ndugu yangu, swali lako lilikuwa zuri sana. Uzi huu ni wako.

Tuanze na neno lenyewe.

Kile kidude cha puani cha wanawake kina majina kadhaa. Kipini ndicho wengi tunachokijua, nacho ni mpini uliofanywa mdogo. Hazama ni pete ya puani. Imetoka kwenye Kiarabu, na kule ilikuwa pia jina la kile kipete cha kupitishia kamba puani mwa ngamia.

Hatamu nayo imetoka hukohuko. Leo tukisema fulani ameshika hatamu za nchi, hakuna anayekumbuka kwamba kule mwanzo alikuwa ameshika kamba ya pua ya mnyama.

Shemere, ile kamba ya puani mwa ng'ombe, asili yake siijui. Anayejua anisaidie hapo chini.

Sasa, Juba wanasema zumam. Neno hilo pia ni la Kiarabu, nalo lilianza kwa ngamia: kamba ya kumwongozea. Wasudani wakaliweka kwenye pete ya puani ya mwanamke aliyeolewa. Mimi nililisikia mara ya kwanza mtaa wa Hai Jalaba, miaka ile ya vita.

Nilikuwa nauza vipuri vya pampu na jenereta kwenye duka la mtu. Nilipanga chumba kwenye ua wa mama mmoja, nimwite Zeinab. Yeye alikulia Uganda ukimbizini, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Mimi alikuwa ananiita "Tanzania". Sidhani kama aliwahi kulijua jina langu.

"Wewe Tanzania, chai iko. Kuja kunywa, halafu unirekebishie Kiswahili yangu."

Nikimrekebisha anacheka, kesho anarudia vilevile.

Mumewe, Idris, alikuwa fundi wa injini kwenye barji, yale maboti bapa yanayobeba mizigo juu ya Nile. Vita vilipozuka alikuwa ameshaondoka kuelekea kaskazini, upande wa Malakal. Simu zikakatika. Habari zikawa za watu wa bandarini tu, na kila mtu alikuwa na yake.

Mmoja akasema barji ya kina Idris iliungua. Aliona mwenyewe? Hapana, aliambiwa na mwingine.

Hapo ndipo akaja Amna, dada yake Idris. Mwanamke mrefu, sauti kubwa, mkono mwepesi kwa kazi. Alifika na mkeka wake kwapani, akautandika katikati ya ua. Alikuja kuweka bika, yaani matanga.

Wakuu, hapa lazima nieleze mila, vinginevyo hamtaelewa ugomvi.

Katika ukoo ule, mwanamke akifiwa na mume, zumam inatolewa puani siku anapoanza kukaa eda. Ikishatolewa, watu wote wanajua: huyu ni mjane. Wanawake wa mtaa wanaanza kuja, kilio kinafunguliwa. Na mke asipoitoa, hakuna anayeruhusiwa kulia kwa sauti. Hata dada wa kuzaliwa na marehemu.

Mimi niliyajua hayo baadaye. Siku ile nilisikia makelele tu, nikiwa nafua nguo zangu pembeni.

"Itoe," Amna alisema.

"Siitoi."

"Unajipamba kwa ajili ya nani? Mwanamume hayupo!"

"Wewe umeona kaburi? Nionyeshe kaburi, mimi natoa saa hii."

"Hujui hata zumam ni nini! Ni kamba ya ngamia hiyo. Anayeishika akishakufa, kamba inafunguliwa."

Zeinab akashika pua yake, akamwangalia wifi yake. "Basi mimi iko upande ingine ya kamba, na bado inavuta. Kaa chini, ukti, dada yangu, unywe chai."

Amna hakunywa chai. Lakini pia hakuondoka.

Ikawa hivyo kwa muda. Amna amekaa mkekani, Zeinab anapika, hawasemeshani isipokuwa "chumvi iko wapi" na "funga mlango, mbuzi wa jirani ameingia". Shehe wa mtaa alipoulizwa alisema aliyepotea hahesabiwi maiti kwa fununu. Amna akamjibu kwamba shehe hana kaka kule mtoni.

Mimi, nikiri, nilimwona Amna ni mtu mbaya. Nilidhani anataka kumaliza mambo ya ndugu yake haraka ili akaendelee na yake.

Asubuhi moja nikamkuta peke yake, anamenya vitunguu. Vitunguu vingi kuliko chakula chochote tulichokuwa nacho. Machozi yanamtiririka, na hayakuwa ya vitunguu. Alikuwa anauma pindo la tobe yake, lile vazi la kujitanda, asitoe sauti.

Zeinab alikuwa amesimama mlangoni, naye kamwona.

Akaingia ndani, akarudi na kioo kidogo, akaketi kwenye ule mkeka. Akaitoa zumam. Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, imepinda kidogo upande mmoja. Akaifunga kwenye kona ya leso.

Halafu akavunja kijiti cha mwarobaini, chembamba kama njiti ya ufagio, akakilainisha kwa kisu, akakipaka mafuta, akakipitisha kwenye tundu la pua.

Kina dada humu mnakijua hicho. Msichana akitobolewa tu, kabla hajavaa dhahabu, anawekewa kijiti ili tundu lisizibe. Pua ina haraka ya kupona, ukiiacha wazi muda mfupi tu inajifunga. Kijiti hicho ni cha mabinti. Mwanamke mzima akikivaa, watu watamcheka.

Zeinab akamwambia wifi yake, "Nimetoa. Wewe lia sasa."

"Na hicho?"

"Hiki ni changu. Wewe unalia, mimi nangoja. Mkeka ni moja, tutatosha."

Wakuu, Amna alilia siku ile mpaka majirani wakaja. Alilia jina la kaka yake na la mama yao. Zeinab akamshikilia mabegani, macho yake makavu, kijiti puani. Wanawake wa mtaa hawakujua wampe pole nani. Mmoja akamcheka: "Zeinab, umekuwa bibi harusi?" Akajibu, "Ndiyo, leta zawadi."

Kuanzia hapo wakawa wanasemeshana. Amna ndiye aliyekuwa anachonga kijiti kipya kile cha zamani kikichakaa. Anachonga huku analalamika: wewe mkaidi, pua yako kubwa, mwarobaini wenyewe umekwisha.

Habari ilikuja mchana wa kawaida kabisa. Netiweki ilikuwa imerudi, simu ya Zeinab ikaita kwa namba isiyojulikana. Akasikiliza. Akakaa chini kwenye vumbi, si kwenye mkeka.

Idris alikuwa Kosti, ng'ambo ya mpaka, upande wa Sudan. Barji iliungua kweli, lakini wao walikuwa wameshashuka, wakapanda mto pamoja na wakimbizi wengine... samahani, wakaushuka mto, maana Nile inatiririka kwenda kaskazini. Simu aliazima.

Amna akaipokonya. Nikadhani atalia tena. Badala yake:

"Mjinga wewe! Nimekulilia mpaka sauti imekwisha! Nani atanirudishia?"

Akacheka, akakohoa, simu ikakatika.

Kisha akaifungua ile leso mwenyewe. Akamvuta Zeinab kwenye mwanga, akakitoa kijiti, akaipitisha dhahabu. Ikachubua kidogo. "Taratibu, ukti, hii ni pua, si injini," Zeinab akasema. Tundu lilikuwa wazi, ikaingia.

Nilichojifunza: watu wawili wanaweza kumpenda mtu mmoja, huyu akahitaji kulia na yule akahitaji kungoja, na hakuna aliyekosea. Nilimhukumu Amna mapema mno.

Na kuhusu neno: usikasirike ukisoma kwamba limetoka kwa ngamia. Wanaolivaa ndio wanaoamua linabeba nini.

Karibuni mchangie. Kwenu kidude cha puani kinaitwaje, na kinatolewa lini?

Kama hujui, leo mpigie mama au bibi yako, muulize nani alimtoboa na siku ile ilikuwaje. Kisha nyamaza, umwache azungumze mpaka amalize.