Mlango wa Saba

Harufu ya ufuta ukipepetwa inanirudisha mpaka leo kwenye ua wa duka la akina Shirini, pale Lindi mjini. Mama alipepeta pale na wanawake wenzake, vumbi limewajaa nyusi, na mimi nilishinda nao kwa sababu shule sikupelekwa. Mchana Shirini, binti wa mwenye duka, alitoka na kitabu, akakaa juu ya gunia, akatusomea. Alisomea puani, "Ikawa siku hiyooo," kama nzi ndani ya chupa. Vilikuwa vitabu vinne vya Mwanakheri, msichana asiyejua kusoma lakini anayeiga sauti ya kila kiumbe. Mji wa majini ulikuwa na milango saba, kila mmoja unafunguka kwa sauti yake, na katika vitabu vitatu alishafungua sita. Mimi niliwaiga wote, majini kwa wanyama, hata mamba mwenye adabu: "Hujambo, chakula changu." Wanawake walicheka mpaka ufuta ukamwagika. Mama akasema, "We Somoe, hilo jini lako mbona kama baba yako akitaka chai." Moyoni nilijua Mwanakheri ni mimi. Akifungua wa saba, na wangu utafunguka.

Kitabu cha nne tulikingoja msimu mzima. Kikaja. Mlango wa saba ulipofikiwa, akatokea mwana wa mfalme ambaye hatujawahi kumsikia, akauvunja kwa shoka. Mwanakheri akamletea maji ya kunawa.

"Endelea," nikamwambia Shirini.

"Imeisha."

"Umeruka kurasa wewe. Unakimbilia biriani yenu."

"Haki ya Mungu, Somoe, imeisha."

Nikamwita mwongo mbele ya watu. Hakutusomea tena, na walipohamia Dar alimpa mama kile kitabu aniletee, bila salamu. Nikakitia sandukuni, sikumpa mtu anisomee. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimepepeta ufuta wa watu mpaka mgongo umekunjika, na miaka yote nikijua mle ndani zimo kurasa alizoziruka, na Mwanakheri yumo, anafungua mlango kwa sauti yake.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Zuhura, anayesoma sekondari, alitoka Mitwero akaja kunitazama hapa Kitomanga. Nikampa kitabu. Akakisoma kama mtangazaji wa redio, neno kwa neno. Shoka. Maji ya kunawa.

"Geuza," nikamwambia.

"Nimegeuza, bibi. Kuna picha ya beseni tu."

Siku hizi watoto wetu wanasoma, na ni vizuri. Mimi sijui kusoma, lakini nilikuwa na kurasa ambazo hazijasomwa. Sasa sina hata moja. Shirini mwenzangu, nilikuita mwongo bure. Laiti ungekuwa mwongo.

Zuhura alinionea huruma, akaniomba nimwigie lile jini nililokuwa nikimwigia alipokuwa mdogo. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti yangu tu.