Karkadee ya Vioo

Nagafa amezeekea maabara ya chuo kule Aswani, Misri, akipaka vioo unga mweupe laini kuliko poda, kisha akivilowesha kwenye karkadee, chai ya maua mekundu, maana wekundu wa maua yale ndio unaonasa jua likawa umeme.

Asubuhi moja shemeji yake Shazli alipita kumsalimu, akakuta jagi la karkadee limepoa mezani. Kwao karkadee iliyo mezani ni ya mgeni. Akapiga mafunda hadi tone la mwisho.

"Shemeji! Hiyo ilikuwa ya vioo!"

"Mgeni kwanza, vioo baadaye. Tena haina hata sukari, bahili wee!"

Nagafa alibandika maji mengine, akamtolea kiti nje.

"Basi kaa hapo juani, shemeji. Umeme ukianza kutoka, niite nilete balbu."