Miguu Safi ya Shemasi Fiacre

Kama kuna mtu katika Bunia aliyeijua Yohana kumi na tatu kwa kichwa, ni shemasi wetu Fiacre, wa kanisa dogo la mtaa wa Lumumba. Kila mwaka, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, alijifunga taulo jeupe kiunoni akawaosha miguu waumini kumi na wawili, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Waumini hao aliwachagua mwenyewe, na wiki nzima aliwapitia nyumbani kuwakumbusha wasugue visigino kwa jiwe, wakate kucha, wajipake mafuta. Miguu ilifika kanisani inang'aa kuliko sahani za arusi. Maji ya kuoshea, ungeweza kuyapikia chai. Nasi tulirudi nyumbani tukisema tumeona unyenyekevu.

Penzi lake lingine lilikuwa sakafu. Kila Jumamosi aliipaka nta nyekundu, amepiga magoti, na magoti yale, nasema bila kumwonea, yaliijua nta kuliko maombi.

Vita vikatufikia. Mwaka 2003 watu walimiminika kutoka Djugu, vijiji vyao vimechomwa. Mama Alphonsine alifika kwetu na wajukuu wawili, mdogo akikohoa, akaomba walale ndani ya kanisa. Ufunguo ulikuwa kwa Fiacre. Alimjibu kwa upole wa kishemasi kwamba Alhamisi iko karibu na sakafu imekwisha pakwa nta, basi walale barazani, Bwana atawafunika. Kilichowafunika ni mvua ya Aprili, na kikohozi cha mtoto kikashuka kifuani.

Alhamisi yenyewe, mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa amekimbilia Beni, kiti chake kikabaki wazi. Tukiwa katikati ya wimbo, Alphonsine akaingia kutoka barazani, matope mpaka magotini, akaacha nyayo juu ya ile nta, akaketi. Fiacre alipomfikia na beseni lake, akaganda. Kisha akainama kumnong'oneza, lakini sisi wa karibu tulisikia:

"Mama, enda kwanza uoshe miguu, kisha utarudia."

Yeye mwenyewe hakusikia alichosema. Pasta alisikia. Akamfungua taulo kiunoni, akapiga magoti, akamwosha yule mama mpaka maji yakawa mekundu kama udongo wa barabara ya Bogoro. Alipomaliza, akamwomba shemasi ufunguo, akamkabidhi Alphonsine. Siku ile wajukuu wakalala pakavu. Fiacre alinuna mpaka Mei, akimwambia kila mtu kwamba kanisa limevamiwa.

Mei, risasi zikafika Lumumba, na sasa ikawa zamu yake. Mtu aliyetufundisha tusiwaogope wauao mwili aliruka ua wake asubuhi bila viatu, akapita kwenye mtaro wa maji machafu, akaja kugonga mlango wa kanisa kwa ngumi zote mbili. Tulikuwa ndani, tumelala chini ya mabenchi. Tulipoitambua sauti yake, wengi tulisema abaki barazani, Bwana atamfunika. Tulisema kwa hasira, na wala hatukuona haya. Alphonsine alitutazama kama watoto waliokojoa kitandani, akaenda kufungua.

Akamketisha kwenye kiti kilekile. Kisha akachukua bidoni ya mwisho, maji aliyowawekea wajukuu kwa uji, akayamimina kwenye beseni. Fiacre akaificha miguu chini ya kiti. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kanisa alikuwa amefika kwenye beseni bila kunawa kwanza nyumbani, na damu na tope vilikuwa vikidondoka juu ya nta yake.

"Acha tu, mama," alisema akilia. "Miguu yangu iko na buchafu mingi."

"Ndiyo sababu nimeleta mayi," akasema Alphonsine, akauvuta mguu wa kwanza.