Mpangaji Aliyefundisha Wahubiri

Mpangaji wangu wa ghorofa ya juu alikuwa Mtaita, mwalimu wa theolojia katika chuo cha kanisa. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu namna ya kuwapelekea Injili wasiokuwa Wakristo. Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Kodi yake niliipokea. Mtu mwenyewe sikumwamini hata kidogo.

Mama alikuwa mgonjwa wa kitandani ghorofa ya kwanza, na duka langu la vinyago liko chini, upande wa barabara ya Ndia Kuu. Kila akirudi, mwalimu alibisha hodi mlangoni kwa mama, akamwamkia shikamoo, na akikaribishwa huketi. Mimi huku chini mteja ananiuliza bei, masikio yangu yako juu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na hiki nimekipangisha mwenyewe.

Nilimwambia mama simtaki mtu yule chumbani mwake.

"Mwate, mwanangu," akanijibu, yaani nimwache. "Yuwanizungumza. Wewe hata kuketi huketi."

Iliniuma, maana ni kweli.

Basi nikamkabili mwalimu. Nikamwuliza, wanafunzi wako wakimkuta Mwislamu yu mahututi, umewafundisha wafanyeje? Hakukwepa. Alisema zamani alifundisha kwamba kunyamaza hapo ni dhambi. Sasa somo hilo analifuta.

"Mzima nikimhubiria akachoka, ataondoka," alisema. "Mgonjwa hawezi kuinuka aende zake. Huyo nitakuwa namvizia."

"Na nani aliyekubadilisha?"

"Mama yako. Siku za kwanza nilianza kumweleza habari za Yesu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akageukia ukutani. Hakuwa na pengine pa kwenda."

Kumbe alishajaribu! Mengine yote aliyosema sikuyasikia tena. Nikampa mwezi mmoja ahame.

Mwezi haujaisha, nilirudi kutoka msikitini baada ya adhuhuri nikasikia sauti yake chumbani kwa mama, polepole, neno kwa neno. Sasa nimemshika, nikasema. Nikapanda ngazi mbio nikiwa tayari kumtupa nje.

Mama alikuwa anakata roho. Kwetu mtu akifika hapo hulakiniwa: aliye karibu humtamkia shahada sikioni, naye aifuatize ili liwe neno lake la mwisho. Mwalimu alikuwa amepiga magoti, kinywa chake karibu na sikio la mama.

"La ilaha illa Llah," alikuwa akisema. Hapana mola ila Mwenyezi Mungu. Midomo ya mama ikimfuata.

Aliponiona aliinuka akanipisha.

"Alinishika mkono akaniomba," alisema. "Hapa nilipofika naamini hata mimi. Hiyo nusu nyingine, ya Mtume wenu, siwezi kuitamka, nitakuwa namdanganya. Njoo upesi, bwana, umalizie."

Nikapiga magoti alipotoka yeye, nikamalizia.